Maji ya Jumapili

Mtoto wa kwanza kuingia getini alikuwa msichana wa kama miaka saba, gauni la rangi ya machungwa limepigwa pasi hadi mikunjo yake inaonekana kwa mbali, viatu kavishika mkononi. Mkono wa pili ulibeba chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, lebo yake imeshabanduka. Maji yaliyokuwamo yalikuwa na weupe wa maji yaliyooshea mchele. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya kanisa, akachuchumaa penye mti usiofika hata kiunoni mwake, akaipindua chupa na kuichomeka shingo kwenye udongo. Kofia ya chupa ilikuwa na tundu dogo, lililotobolewa kwa msumari wa moto. Akasubiri mpaka povu la kwanza likapanda ndani ya chupa, dalili kwamba maji yameanza kutoka. Hapo ndipo alipovaa viatu na kuniamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mti wako huo?"

"Wa kwaya ya mama. Mimi nauletea maji tu."

Ilikuwa Jumapili ya tatu ya Septemba, mjini Bariadi, upande wa barabara iendayo Maswa. Mvua ya mwisho ya kueleweka ilinyesha Mei. Kati ya Mei na siku ile anga la Simiyu halikuwa limetoa kitu zaidi ya vumbi, na kiwanja cha usharika huu wa Kilutheri kilikuwa na rangi ya gunia kila upande, isipokuwa nyuma ya kanisa, ambako miche na matuta manane ya mboga vilikuwa vimeng'ang'ania kijani chao.

Nilikuwa nimefika jana yake kwa basi kutoka stendi ya Nyamhongolo, Mwanza. Njia hiyo inamfundisha msafiri jiografia bila darasa. Karibu na Magu unavuka mto Simiyu, na hapo unagundua kichekesho: mto uliotoa jina la mkoa hauingii Ziwa Victoria ndani ya mkoa wenyewe, unamalizia safari yake kwa jirani, Mwanza. Mbele kidogo ni Nassa, wilayani Busega, ambako wamisionari wa Africa Inland Mission walipokea kituo kutoka kwa wenzao wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1909. Makanisa mengi ya Usukumani yanaanza hesabu yao pale. Ukifika Lamadi, wanaokwenda Musoma wananyoosha, wewe unakata kulia, unaliacha ziwa mgongoni, na lami ya kilomita sabini na kitu inakupeleka Bariadi. Kadiri ziwa linavyokaa mbali ndivyo miti inavyopungua. Yanabaki mashamba ya pamba yaliyokwisha vunwa, na moshi. Septemba ni mwezi wa kung'oa masalia ya pamba na kuyachoma ili funza wasipate pa kulala hadi msimu ujao, kwa hiyo abiria tulifika tunanuka kama tumetoka jikoni.

Bariadi ni makao makuu tangu mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Wengi wanaijua kwa viwanja vya Nyakabindi, ambako Nane Nane kitaifa ilifanyika miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Mimi sikwenda Nyakabindi. Bustani za maonyesho nimeziona nyingi: mahindi mazuri mno yanayojua siku wageni watakapofika.

Mlezi wa bustani ya kanisa ni mama mmoja mjane aliyepita miaka sitini, mfupi, mwenye kanga mbili na sauti ya kuamrisha ng'ombe wa kulimia. Nilimsalimu kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba," alinijibu, kisha akanitazama viatu. "Umekuja kuandika au kupiga picha? Wa kupiga picha huwa wanakuja Aprili."

Nilikiri kwamba nimekuja kuandika. Akanipa ndoo.

Wakati tunamwagilia mchicha alinieleza hesabu ya maji, na nilipoirudia jioni kwenye daftari niliona haina kosa. Paa la kanisa lina upana wa mita kumi na urefu wa mita ishirini. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi mvua ya milimita 25, ambayo huku si ajabu kushuka kwa alasiri moja, inalipa paa hilo lita 5,000. Simtanki lao ni la lita 5,000. Kwa maneno mengine, mvua moja nzuri inalijaza, na zote zinazofuata zinapita kwenye gata, zinamwagika, zinakwenda zake. Mei mvua inapokata, wanabaki na tangi moja lililojaa na miti arobaini na kitu. Kila mti ukipata lita kumi kwa wiki, hilo tangi linakwisha baada ya wiki kumi na mbili. Mwisho wa Agosti ukigonga pembeni linalia kama ngoma. Na mvua za kupandia huku ni za Novemba.

Pengo hilo la Septemba na Oktoba ndilo linalozibwa na chupa za watoto. Kila mtoto wa Shule ya Jumapili huja na chupa moja ya maji yaliyokwisha tumika nyumbani: ya kuoshea mchele, ya kusuuzia vyombo visivyo na sabuni nyingi, ya kunawia. Hadi saa tatu asubuhi ile nilihesabu chupa hamsini na tatu zimesimama kichwa chini, nyingine miti miwili imegawana tatu, nyingine zimechomekwa kwenye matuta ya chainizi. Ukizitazama kwa mbali unadhani watu wamepanda plastiki.

Nikamuuliza mama kuhusu maji ya ziwa. Upo mradi mkubwa wa kuyaleta Simiyu kutoka Ziwa Victoria, ambao Mfuko wa Tabianchi wa Kijani uliuidhinisha mwaka 2017 kupitia benki ya KfW ya Ujerumani. "Yaje," alisema. "Lakini ya bomba yana bili, baba. Haya ya mchele hayana."

Mama huyu alizaliwa upande wa Itilima, katika boma lenye ngitili. Msomaji asiye wa kanda hii nimweleze: ngitili ni kipande cha malisho ambacho Msukuma hukifunga mvua zinapoanza, ng'ombe wasikanyage, majani yakue na vichipukizi vya miti vinyanyue kichwa. Kiangazi kikikaza, Julai au Agosti, hufunguliwa sehemu kwa sehemu, kwa ndama, kwa maksai, kwa ng'ombe dhaifu. Kuna ngitili ya kaya na kuna ya kijiji. Mara nyingi haina uzio wa mti wala wa waya. Uzio wake ni kwamba kila mtu anajua ni ya nani, na anajua faini.

"Baba yangu alikuwa hapandi mti," mama aliniambia. "Alikuwa anakataza tu."

Nimelitafakari neno hilo safari nzima ya kurudi, kwa sababu historia ya miti ya Usukumani inaweza kusimuliwa karibu yote kwa vitenzi hivyo viwili. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwatoa watu kwa maelfu kufyeka mapori ili kuwamaliza mbung'o. Ugonjwa wanaoueneza ulikuwa wa kweli, na upara uliobaki ulikuwa wa kweli vilevile. Pamba ikadai mashamba mapana. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu na kuwaacha mbali na ngitili zao. Kisichokuwa karibu na mwenyewe hakikukawia kupata shoka la mtu mwingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zikijulikana katika mkoa wote wa Shinyanga wa wakati huo, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwamo, zilifika kama hekta 600 tu.

Mwanzoni HASHI nayo ilianzisha vitalu ikagawa miche, kama miradi yote. Kilichoigeuza ni kukubali kujifunza kwa wenyeji: badala ya kupeleka miti, ikarudisha katazo, na mikutano ya mila ya dagashida ikapewa nafasi ya kusimamia. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa chini ya ngitili katika vijiji 833. Mwaka 2002 ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa kule Johannesburg. Sijui eneo jingine la Tanzania lililorudisha uoto mwingi hivyo kwa jembe dogo hivyo.

Bustani ya kanisa imejifunza hapo, ingawa hakuna aliyeandika hivyo kwenye kibao. Usharika ulianza, kama kawaida, kwa siku ya kupanda miti. Mgeni rasmi alikuwapo, kwaya iliimba, miche ikachimbiwa Aprili 1 kwa kuwa ndiyo Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Tarehe hiyo huenda inafaa kwingine. Simiyu, mche uliochimbiwa Aprili unapewa wiki sita au saba za mvua, kisha unaachwa na jua la miezi mitano kabla mizizi haijajua njia. Mwaka ule wa kwanza, mama anasema, ulibaki mti mmoja, mwarobaini, nao uliota wenyewe.

Sina haki ya kuwacheka. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda mti mbele ya jengo la ofisi moja nisiyoitaja, nikiwa na fulana mpya yenye maandishi, nikapigwa picha nimeshika kopo la maji. Nilipita hapo baada ya mwaka. Mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka mche yalikuwapo, duara zuri kabisa. Mche haukuwapo.

Mwaka wa pili usharika ulihamishia upandaji Novemba na kuleta jambo ambalo, kwa Wasukuma, linafanya kazi kuliko mahubiri: mashindano. Tangu enzi za mababu ngoma za huku zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno pande hizo hushindana kuvuta watazamaji hadi mwenzako abaki anajichezea peke yake. Kanisa lina kwaya mbili. Kwaya Kuu ikapewa miche thelathini, Vijana wakapewa thelathini. Ubao mweusi uliotoka darasa la Shule ya Jumapili ukatundikwa ukutani, na kila mwezi huandikwa iliyo hai. Upande utakaoshindwa siku ya Sikukuu ya Mavuno utawapikia wenzao, na kwenye mapatano ametajwa jogoo.

Siku niliyofika ubao ulisema: Kwaya Kuu 24, Vijana 19.

Mbuzi walimaliza miche minne ya Vijana kwa usiku mmoja mwezi Julai. Uchunguzi ulifanyika, nyayo zikafuatwa, na mbuzi wakabainika kuwa wa mwenyekiti wa kamati ya bustani mwenyewe. Alilipa faini. Nimeambiwa alilipa huku akisisitiza kwamba mbuzi hawajui mipaka ya dayosisi. Miiba ya mgunga iliyorundikwa sasa kuzunguka safu ile ni mchango wake binafsi.

Ibada ya pili ilianza saa nne. Mchungaji alihubiri kutoka Mwanzo, ile habari ya mtu kuwekwa bustanini na kupewa kazi mbili, kulima na kutunza, akasema Wasukuma kazi ya kwanza tumeifanya mpaka tumepitiliza. Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Mahubiri ya namna hii si mageni. Kule Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), watu wamempa jina la Askofu wa Miti, na watoto wa kipaimara huko wamezoeshwa kupanda miti kabla ya kubarikiwa. Wakatoliki wana waraka wa Papa Fransisko, Laudato Si', wa mwaka 2015. Maneno ya makanisa kuhusu mazingira yametosha kabisa. Nilichokuja kutazama Bariadi ni mwezi wa Septemba.

Na nilichokiona hakikuwa kizuri chote. Tuta la nyanya lilikuwa limekufa kwa kuungua jua, na mama hakulificha. Matandazo hayatoshi: mabua ya pamba ndiyo mengi kuliko kitu chochote wilayani, lakini hayo sheria inataka yachomwe, kwa hiyo wanaokoteza nyasi za mpunga kutoka kwenye majaluba ya washirika. Samadi haina shida, kila boma lina zizi. Shida ni kumpata mwenye mkokoteni Jumamosi. Tena kuna jambo la sumu. Mshirika mmoja alileta chupa ya dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita ili ipulizwe kwenye mchicha wenye wadudu. Mama aliichukua, akamshukuru, akaifungia stoo. Mchicha unaliwa siku chache tu baada ya kupuliziwa, pamba hailiwi. Tofauti hiyo, ambayo mtoto angeielewa, inapuuzwa kwenye bustani nyingi za mabondeni Kanda ya Ziwa. Yeye hutwanga majani ya mwarobaini, huyaloweka usiku kucha, huyachuja kwa kitambaa na kunyunyiza jioni jua likiwa limelegea. Alinitajia wakulima wa Meatu, ambako kampuni ya bioRe imekuwa ikinunua pamba iliyolimwa bila sumu za viwandani tangu mwaka 1994. "Kama pamba inawezekana," alisema, "mchicha utashindwaje?"

Baada ya ibada, mnada.

Asiyewahi kuona mnada wa sadaka Usukumani amekosa tamasha. Waliokosa fedha hutoa walichonacho: mayai kwenye bakuli la udongo, kuku amefungwa miguu kwa kipande cha kitenge, kikapu cha michembe, nsansa, mboga ya majani iliyokaushwa vizuri, na siku hiyo mafungu ya mboga ya bustani ya kanisa. Mnadishaji alikuwa mzee wa kanisa mrefu, koti la kijivu, ambaye siku za kazi hupima pamba ghalani, na alitangaza kila fungu la mchicha kana kwamba ni marobota.

"Mchicha huu haujaona sumu! Mia tano hapa! Mia tano kwa shemeji, mnaona aibu? Elfu moja kule nyuma! Elfu moja, jamani, wageni wapo!"

Fungu ambalo sokoni lingekwenda kwa shilingi mia tatu au mia tano lilifika 2,500. Aliyelinunua akasema linarudi mnadani kwa heshima ya bibi fulani aliyekaa kwenye benchi la mbele. Likanadiwa tena, likafika 2,000, na aliyelipata akampelekea bibi mwenyewe. Mchicha uleule umeleta 4,500 na bado unaliwa. Fedha hiyo ni ya simtanki la pili. Walikuwa wamefika zaidi kidogo ya nusu ya bei.

Mwisho ikaja miche, kwenye viroba vya sukari vilivyokatwa. Mlonge ulinivutia. Nilipanda dau hadi 3,500, mnadishaji akagonga meza, watu wakapiga makofi, nikatoa fedha. Kumbe kuna daftari. Katibu alifungua ukurasa wenye safu tatu: jina la mnunuzi, mti, mahali utakapopandwa.

"Mahali?" aliniuliza.

Nilimwambia ninaishi Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga.

Kalamu ilisimama. Mzee mwenye koti la kijivu aliletwa. Alinisikiliza kwa upole, kisha akachukua kiroba changu kutoka mikononi mwangu, akakirudisha kitaluni. Fedha haikurudi. Chini ya safu ya tatu, mbele ya jina langu, katibu aliandika neno moja: Hapa. Utachimbiwa Novemba mvua zikishika, nilifahamishwa, kwenye safu ya Vijana ili kufidia wa mbuzi, na nitatakiwa kupiga simu kuuliza hali yake kila mwezi. Atakayesahau jina lake husomwa kwenye matangazo.

Kabla ya kuondoka nilizunguka safu zote mbili peke yangu, nikahesabu. Nikarudia. Kwaya Kuu walikuwa na miti 23, si 24; Vijana 18, si 19. Miwili iliyozidi ubaoni ilikuwa vijiti, nilivunja ncha ya kila kimoja na ndani mlikuwa mkavu, rangi ya chaki. Chini ya kimojawapo chupa ya mtoto ilikuwa bado imechomekwa, nusu yake imeshatoka. Nilisita kusema, mgeni hahesabu vyungu vya mwenyeji. Nikamwambia mama.

Alikwenda mwenyewe hadi kwenye kile kijiti, akakikwaruza kwa ukucha, akaangalia. Akaichomoa chupa, akaihamishia kwenye mti wa jirani. Kisha akaenda ubaoni, akafuta tarakimu mbili kwa pembe ya kanga na kuandika upya. Arobaini na mmoja kati ya sitini, Septemba, kiangazi cha pili.

"Sasa wewe uje Aprili," aliniambia tukiagana. "Kutakuwa kijani kote, utapata picha nzuri."

Nilimwahidi, na huenda nitakwenda. Lakini wewe msomaji, kama una safari ya Bariadi, usingoje Aprili. Nenda Septemba, fika Jumapili kabla ya saa tatu, na uingie na chupa yako. Maji ya kuoshea mchele yanatosha.